Kokoto Juu ya Bibi

"Usiniambie nitulie, Enda! Nakuuliza kwa mara ya mwisho: nani alikupa ruhusa ya kummwagia mama yangu kokoto?"

"Mama yako?" Enda alicheka, lakini macho hayakucheka. "Kumbe alikuwa mama yako peke yako. Mimi niliokotwa jalalani."

"Jibu swali."

"Nimeshajibu. Nilimwaga mimi. Kwa mikono yangu na mgongo wangu huu mbovu, na padri aliafiki. Ulitaka nikuandikie barua ya maombi Abu Dhabi?"

"Simu yako imekufa? Mbona ukitaka kunieleza habari za ng'ombe wako unanipata?"

Ilikuwa Jumamosi mchana, mkesha wa Jumapili ya Makaburi, na parokia nzima ya Killaduff ilikuwa imepiga magoti. Kesho yake padri angesoma misa katikati ya makaburi, kisha angepita mstari kwa mstari na maji ya baraka, na nyuma yake wangepita watu wote na macho yao. Hakuna aliyetaka wafu wake waonekane na nywele za magugu. Kwa hiyo watu walikuwa wanasugua mawe kwa brashi za sakafuni, wanapunguza nyasi kwa mikasi, wanabadilisha maua. Lakini tangu ugomvi ulipolipuka kwenye kaburi la akina Heneghan, brashi zote zilikuwa zimepunguza mwendo. Hakuna aliyetazama. Hakuna aliyepitwa na neno.

Dervla Heneghan alisimama miguuni pa kaburi akiwa na mfuko wa vifaa alivyonunua Castlebar asubuhi ile: glavu za mama, glavu za watoto, vijembe vya mkono, na trei ya miche iliyoanza kulegea. Nyuma yake walisimama binti zake. Sorcha, wa miaka kumi na minne, alikuwa amejifunika kofia ya sweta mpaka kwenye nyusi, mikono mfukoni. Muireann, wa miaka tisa, alivaa jezi ya timu ya Mayo iliyomfika magotini, nyekundu na kijani, na hakuacha kuziangalia zile kokoto.

Zilikuwa nyeupe kupindukia. Enda alikuwa amelizungushia kaburi ukingo wa saruji, akatandika plastiki nyeusi juu ya udongo, kisha akazijaza kokoto mpaka juu na kuzisawazisha kwa reki. Hapakuonekana hata jani moja.

"Na jana," Dervla akaendelea, akimsogelea, "jana tumefika kwako, umetupikia viazi na nyama, umekaa pale mezani unawasikia watoto wangu wakigawana kazi za leo. Huyu kichwani, huyu miguuni. Ukanyamaza! Asubuhi nakuambia napitia dukani kununua vijembe, unaniambia nendeni salama!"

"Nilidhani ukiziona utafurahi."

"Muongo. Uliogopa."

"Niogope nini? Wewe?"

Kwenye kaburi la pili, Bi Assumpta Lavelle aliichovya brashi yake kwenye ndoo. Alikuwa anamsugua marehemu mumewe tangu asubuhi, na mumewe alikuwa ameshatakata zamani.

"Mimi sisemi kitu, Dervla mwanangu," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nasugua tu. Ila ukitazama kutoka langoni utadhani benki imefungua maegesho."

"Bi Assumpta, sugua mumeo," Enda alisema.

"Namsugua. Hajalalamika."

Dervla hakucheka. Damu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Hakuwa mtu wa kulia wala wa kuandika mashairi kuhusu nyumbani. Alikuwa mwalimu wa hesabu, na hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Kule Abu Dhabi alikuwa ameanzisha masomo ya Jumamosi kwa watoto wa Kiairishi waliozaliwa kule au waliofika wakiwa wamebebwa. Walikodi ukumbi wenye kiyoyozi cha kugandisha maziwa. Kulikuwa na kadi za maneno ya Kiairishi, hatua za ngoma, filimbi za bati, na mama mmoja wa Kerry aliyekuja na mikate ya magadi ambayo watoto waliichambua zabibu na kuiacha. Muireann alikuwa ameimba wimbo mmoja wa Kiairishi miaka miwili mfululizo bila kujua unasema nini. Sorcha alikuwa ameacha kwenda. "Mama," alisema siku ile aliyogoma, "nimechoka kucheza mbele ya wazazi wengine wanaolia."

Lakini waulize wote wawili ni nani na nani wamelala, mmoja juu ya mwenzake, kwenye kaburi lao la Killaduff, wangekuhesabia kutoka chini kwenda juu bila kuvuta pumzi. Hayo hawakufundishwa na kadi. Walifundishwa na bibi yao, Nonie Heneghan, kila Jumamosi kama hii. Bibi aliwawekea gunia kuukuu chini ya magoti, akafungua kiti chake cha kukunja, akamimina chai ya chupa, kisha akaanza kuwasimamia. Taratibu hapo, Sorcha, hapo ni juu ya miguu ya Austin, na Austin hakupenda kutekenywa. Austin, baba wa babu yao, alikwenda Uskoti kuchimba viazi vya watu kila msimu mpaka mgongo ukajikunja kama ndoano, na jeneza lake ilibidi litengenezwe kwa namna yake. Ubavuni mwake Sabina, mkewe, aliyevuta kiko nyuma ya mlango na kumsingizia bata harufu ya moshi. Pembeni mwa Sabina, kichanga kilichokufa kabla ya kupewa jina. Juu yao babu, baba yake Dervla, mtu wa maneno machache na mbwa wengi. Watoto waling'oa magugu, upupu uliwachoma, walilalamika, Bibi aliwasugua kwa majani ya dawa na kuendelea kusimulia. Miaka yote ile kazi ilikuwa yao. Watu wa Killaduff walipita na kusema, hao wa Dervla wanajua kupalilia.

Mwaka huu Bibi mwenyewe alikuwa chini, juu ya babu. Na juu ya Bibi kulikuwa na plastiki, na juu ya plastiki kulikuwa na mawe ya dukani.

"Nimewarahisishia," Enda alikuwa anasema, sasa kwa sauti ya mtu anayemweleza mgonjwa. "Sikiliza, dada. Kila mtu siku hizi anaweka kokoto. Hakuna magugu, hakuna kazi, kaburi safi mwaka mzima. Nyie mko likizo. Pumzikeni. Wapeleke watoto ufukweni, watalii wote wanakwenda ufukweni."

Brashi zikasimama kabisa.

"Rudia," Dervla alisema.

"Nirudie nini?"

"Hilo neno."

Enda angeweza kulimeza. Alilifikiria, ilionekana kwenye taya zake. Halafu akaamua.

"Watalii. Haya, nimesema. Kila mwaka wiki mbili. Picha kanisani, picha na ndama, picha na punda wa Lavelle, halafu uwanja wa ndege. Huyo mdogo amevaa jezi ya Mayo. Ameshawahi kunyeshewa uwanjani akiiona Mayo inafungwa?"

"Hilo hata sisi tungependa kuliepuka," Bi Assumpta alisema, na mtu fulani nyuma ya msalaba mkubwa akapaliwa na kicheko.

"Hao ni watoto wa dada yako!" Dervla alipiga kelele. "Unawaita watalii juu ya kaburi la bibi yao!"

"Nawaita walivyo. Wewe ndiye uliyewafanya hivyo, si mimi. Unajua nani alinisimamisha mlangoni mwa kanisa mwezi Juni? Sitamtaja, yuko hapa anajifanya anakata nyasi. Akaniambia mbele za watu, Enda, mama yako amefunikwa na majani kama shimo la takataka. Mimi! Mimi niliyemlisha kwa kijiko. Niliyemwosha. Niliyelala kwenye kiti cha jikoni ili nimsikie akiamka. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilipiga simu kila Jumapili!"

"Ulipiga! Na unajua alikuwa anafanya nini kabla hujapiga? Alinituma rangi yake ya mdomo. Nilimpaka mimi, na mikono hii ya kukamulia ng'ombe. Nilimwinua, nikamweka mto mgongoni, akatabasamu kwenye kioo cha simu dakika zako ngapi sijui, ukasema Mama unapendeza. Ukikata tu anazimika. Jumatatu nzima hawezi kula. Hiyo ndiyo simu yako."

Dervla hakuwa anayajua hayo. Alipandisha sauti.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia nimechoka!"

"Nami nikakuambia tuajiri mtu!"

"Ndiyo, ulipe! Kila kitu kwako ni kulipa. Umechoka, lipa. Huwezi kuja, lipa. Basi na mimi nimelipa. Nimenunua kokoto. Yamekwisha, kaburi safi, sitaki tena kusimamishwa kanisani. Kama zinakuuma, rudi ukae hapa ung'oe majani Januari mvua ikipiga ubavuni."

"Usinigeuzie maneno. Ungeweza kuniambia magugu yamezidi. Ungeweza kusema, Dervla, nina mpango huu. Hukutaka tu. Ulitaka tukifika tukute hatuna kazi hapa. Hiyo ndiyo furaha yako, sisi tusimame kando na mikono mitupu kama wageni wa harusi!"

"Haya, basi!" Enda aliwanyooshea mkono wasichana. "Hawa hapa. Wewe unasema watoto, watoto. Waulize wenyewe. Waulize kama wanataka kupiga magoti kwenye upupu au wanataka kaburi safi. Waulize mbele ya watu."

Dervla aligeuka mara moja. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

"Muireann. Mwambie mjomba wako."

Muireann alimtazama mama, akamtazama mjomba, akayatazama mawe. Mifuko ya kaptula yake ilikuwa imeshavimba.

"Mimi naona ni nzuri, mama," alisema. "Kama sukari."

Enda akainua mikono yote miwili juu, kama refa aliyeona goli. "Mtoto amesema."

"Mtoto ana miaka tisa! Wewe, toa hayo mawe mfukoni. Sorcha."

"Mimi usiniulize."

"Nakuuliza."

"Nimesema usiniulize, mama."

"Sorcha, hatuna siku nzima. Mwambie mjomba unavyoona, umalize."

Sorcha akavua ile kofia ya sweta. Nywele zilikuwa zimemganda kwenye paji la uso na mashavu yalikuwa yamewiva, na Dervla alishtuka kuona kwamba mtoto yule hakuwa amenuna muda wote ule kama alivyodhani. Alikuwa na hasira kuliko watu wote pale.

"Kwa nini unaniuliza leo?" Sorcha alisema. "Mbona Februari hukuniuliza?"

"Februari nini?"

"Bibi alipokufa! Nilikuambia nataka kuja. Ukaniambia nina mitihani. Nilikuwa na mtihani wa jiografia, mama. Jiografia! Bibi anaingizwa humu, mimi nimekaa na peni naandika mito ya Amerika Kusini. Wewe ukaja peke yako, ukarudi kazini baada ya mazishi, ukanionyesha video kwenye simu. Video yenyewe imekatika kabla hajashushwa kwa sababu mtu alikupigia. Kwani Austin nimewahi kumwona? Sijawahi kumwona, lakini najua alipo, Bibi alinionyesha. Bibi sijaonyeshwa. Sijui hata kama yumo."

"Sorcha..."

"Subiri, sijamaliza, mmenitaka niseme. Oktoba tulikwenda Sri Lanka kuwaona tembo. Tulipata nafasi. Bibi alikuwa hai Oktoba. Na mwaka huu umeshalipia Vietnam. Halafu unasimama hapa unamgombeza mjomba eti anatufanya watalii." Akamgeukia Enda. "Na wewe mjomba usifurahi. Umeona tunakuja, ukafunika kila kitu. Kila mtu anaamua. Mimi naambiwa tu."

Upepo ulipita kati ya makaburi ukabeba sponji ya mtu. Hakuna aliyeikimbilia.

"Jiografia?" Enda alisema polepole. "Dada, ulimwacha kwa ajili ya jiografia?"

"Nyamaza, Enda."

"Mimi nilidhani ni mtihani wa serikali. Mama aliniuliza siku ile ya mwisho kama wasichana wako njiani. Nikamwambia wana mitihani mikubwa."

"Nimesema nyamaza!"

Dervla alibaki amesimama na mfuko wake wa vijembe. Hasira haikumtoka. Ilikuwa palepale kifuani, nzito vilevile, ila sasa haikuwa na mtu mmoja wa kumwangukia. Alijikasirikia mwenyewe, akamkasirikia Enda kwa kumpaka mama rangi ya mdomo na kunyamaza, akaikasirikia shule, akamkasirikia hata mama yake kwa kujua kutabasamu. Mtu mwingine angeketi kwenye ukingo wa kaburi akashika kichwa. Dervla hakuwa na tabia hiyo. Aliweka mfuko chini.

"Unataka nini?" alimuuliza bintiye.

"Nataka haya mawe yatoke."

"Sawa."

"Sawa nini?" Enda alidakia. "Yatoke, halafu? Baada ya wiki mbili mko angani. Magugu hayasubiri Julai, dada. Haya mawe yakitoka, mimi kaburi hili siligusi tena. Naapa, Bi Assumpta shahidi. Agosti nani? Oktoba nani?"

"Oktoba sisi."

"Ya mdomoni hayo."

Dervla alitoa simu. Makaburini pale mtandao ulishika sehemu moja tu, juu ya ngazi ya ukuta upande wa magharibi, kila mtu wa Killaduff alijua. Alitembea hadi pale, akapanda, akampigia mumewe. Kwa sababu ya upepo ilibidi aweke sauti ya nje, na kwa sababu ya sauti ya nje parokia yote ikamsikia Lorcan akiitikia kutoka Abu Dhabi, akitafuna kitu.

"Lorcan, futa Vietnam."

"Nini?"

"Futa Vietnam. Nunua tiketi za kuja nyumbani Oktoba, sote. Na Pasaka."

"Uko wapi?"

"Makaburini."

Kutafuna kulikoma. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa zaidi ya waliokufa. Fungua kompyuta."

"Dervla, mpenzi, zile pesa hawarudishi. Tulikubaliana. Mimi mwaka huu wote nimekuwa nawaza ile hoteli. Tuongee jioni, mkiwa mmetulia."

"Hatutatulia. Mwanao ameniuliza kwa nini tuna nafasi ya kwenda kuwaona tembo na hatuna nafasi ya kumzika bibi yake. Una jibu? Kama unalo mpe, nimuite."

Ulisikika upepo, kisha kiti kikiburutwa, kisha vidole kwenye kompyuta.

"Wanauliza kama nina uhakika," alisema kwa unyonge.

"Una uhakika."

"Nimebonyeza."

"Na tiketi?"

"Natafuta. Shannon au Dublin?"

"Popote patakapotua ndege. Nitumie zikishatoka." Akakata.

Aliposhuka, Muireann alikuwa amesimama chini ya ngazi, mdomo umeanza kutetemeka.

"Na lile bwawa lenye mteremko?"

"Hakuna bwawa."

"Lakini mama, uliahidi!"

"Niliahidi, nimevunja. Una haki ya kulia. Ukimaliza kulia vaa glavu."

Muireann alilia kwa sauti kubwa, ya haki kabisa, na mama mmoja wa kaburi la jirani akampa biskuti. Dervla alikuwa ameshapita.

"Beleshi lako liko wapi?" alimuuliza kaka yake.

"Nyumbani."

"Liko kwenye gari. Nimeliona."

"Basi liko kwenye gari, na gari limefungwa, na funguo ziko kwangu." Enda alikunja mikono. Shingo yake ilikuwa imevimba. "Hayo mawe nimeyabeba mimi, Dervla. Ndoo kwa ndoo kutoka langoni. Ukiyagusa umenitukana mbele ya parokia."

"Ulinitukana wewe kwanza."

"Basi tuko sawa, tuache hapo."

"Hatuachi hapo. Mimi na wewe tuko sawa, ndiyo. Yule hayuko sawa." Alimwonyesha Sorcha kwa kidole. "Umemsikia. Hajui kama bibi yake yumo. Kama ungekuwa na hasira na mimi peke yangu ningekuachia kokoto zako, wallahi kesho ningesimama juu yake nikapokea maji ya baraka na kufunga mdomo. Unanijua, naweza."

"Hujawahi kuweza hata siku moja."

Bi Assumpta alikohoa. Beleshi lake lilikuwa limelala kando ya ndoo, na sasa, kwa ncha ya kiatu, lilisukumwa polepole kwenye nyasi mpaka likagusa mguu wa Dervla. Yeye mwenyewe alikuwa anasugua tarehe ya kifo cha mumewe.

Dervla akaliokota, akalichomeka kwenye kokoto. Mlio wake uliwatia watu ganzi menoni. Toroli la parokia lilikuwa langoni, alikwenda kulileta mwenyewe, akaanza kupakia. Hakupumzika kati ya beleshi na beleshi. Mawe mengine yaliruka nje ya toroli yakagonga jiwe la kaburi, na kila yalipogonga Enda alifumba macho. Sorcha alipiga magoti upande wa kichwani, akayavuta kwa mikono mitupu mpaka plastiki ikatokea, nyeusi, imetoa jasho kwa chini.

"Kisu," alisema.

Dervla alimpa kisu kidogo cha bustani. Sorcha aliichana plastiki kwa urefu. Hewa iliyofungiwa ikatoka, harufu ya udongo wenye unyevu. Chini yake hapakuwa na magugu ya kutisha, palikuwa na nyasi zilizofifia zikawa nyeupe kama mizizi, zimelala ubavu, na udongo ulioshuka kidogo katikati, kama unavyoshuka juu ya kaburi lisilotimiza mwaka. Msichana alitazama ule mbonyeo.

"Anaanzia wapi?" aliuliza.

Hakumuuliza mama yake. Mama yake hakujua kwa hakika. Siku ile ya mazishi alikuwa amesimama nyuma ya watu warefu, akibana simu. Enda alikuwa bado amekunja mikono.

"Kichwa huko ulipo," alisema hatimaye, kwa ukali kana kwamba anamkemea. "Sogea kidogo. Hapo. Nilishika kamba ya upande huo mimi mwenyewe. Yuko juu ya babu yako, amelalia kushoto kidogo, kwa sababu Austin amechukua nafasi kubwa chini kwa ule mgongo wake na kila aliyefuata ameteleza."

Sorcha aliweka kiganja palepale alipoonyeshwa. Mabega yakaanza kumpanda na kushuka. Muireann, akiwa bado na biskuti mdomoni na machozi kidevuni, alikuja akapiga magoti miguuni, mahali pake pa miaka yote, akaanza kung'oa zile nyasi nyeupe moja moja, akizitupa nyuma bila kuangalia zinampiga nani.

"Usidhani tumepatana," Enda alimwambia dada yake.

"Sikudhani."

"Na sikusaidii hata beleshi moja."

"Nimekuomba?"

Enda alikwenda zake. Alipita katikati ya watu wote wale walioinama ghafla kusugua, akafungua gari lake lililoegeshwa langoni, akaingia, akabamiza mlango. Hakuliwasha. Alikaa tu nyuma ya usukani, anatazama mbele.

Toroli lilikuwa limejaa. Dervla alilisukuma njia nzima, gurudumu likilia. Pale langoni palikuwa na lile tope ambalo kila mwaka liliwaharibia watu viatu vya misa, na gari la Enda lilikuwa limesimama katikati yake. Alisimamisha toroli mbele ya taa za gari. Walitazamana kupitia kioo.

"Sogeza gari," alisema.

Enda hakusogea. Dervla alisubiri, mikono kwenye vishikio, mvua nyepesi ikianza kumpiga usoni. Mwishowe injini iliunguruma, gari likarudi nyuma taratibu mpaka likafika lami.

Dervla akainua toroli, akamwaga kokoto zote kwenye tope, akazikanyaga zikazama, akageuza toroli kwenda kuchukua nyingine.